Walinzi wa Shingoni mwa Mzee Pazi

Umewahi, mjukuu wangu, kukaa karibu na mlango wa mzinga ukamtazama nyuki mlinzi anavyompokea anayerudi nyumbani? Hamwulizi jina, hamwulizi ametoka wapi. Anamgusa tu kwa vile vipapasio viwili vya kichwani, kushoto mara moja, kulia mara moja, na kama harufu ni ya kwao anampisha. Kama si ya kwao, hapohapo vita.

Babu yako Mihayo alinionyesha jambo hilo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tumelala kifudifudi juu ya majani makavu kule msitu wa Sikonge. Kanga yangu ilinasa utomvu wa mninga, ule mwekundu kama damu, na doa lile halijatoka mpaka leo. Nakuanzia huko kwa sababu bila nyuki nisingeelewa hata neno moja la Daktari Mkami. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nyuki nawajua.

Haya mambo yalikuwa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, miaka ile mabati yalipoanza kunywa jua na kutoa umeme. Wewe umezaliwa umeyakuta yamenyamaza. Ya kwanza yalikuwa yanalia, tiii, ikifika saa sita, nyumba hii na ile, mtaa mzima kama umejaa nyenje. Tulilalamika. Leo ningetoa debe zima la asali nisikie mlio ule tena, na chini yake sauti za wanywa kahawa kwenye baraza letu, na harufu ya nta ninayoichemsha uani. Vindege vya hospitali vilipita juu na chupa za damu, nasi tulikuwa tunavipungia mkono kama watoto.

Babu yako alikuwa na mizinga arobaini na mbili. Akiingia msituni alipiga mluzi wa kumwita yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, mluzi mrefu wenye kona mbili, na ndege alikuja. Mwaka ninaokueleza, mluzi ulikatika kona ya pili. Tukadhani ni mafua. Kisha sikio moja likawa linauma kila akimeza. Kisha nikiwa namnyoa ndevu nikaona chini ya taya kitu kama kokwa la ubuyu, kigumu, hakisogei.

Nikaacha kunyoa. Nikamwambia, "Mihayo, vaa viatu."

*

Nyumba ya Kinga ilikuwa jengo jeupe nyuma ya stesheni. Daktari Mkami alikuwa binti wa Mara, mrefu, mwenye sauti ya kukemea ng'ombe, lakini mikono yake ilikuwa laini. Alimkata babu yako kipande kidogo cha uvimbe shinani mwa ulimi, kama punje ya mtama, na siku ya nne akatuita. Akazima taa, akaitupa ukutani picha ya kipande kile, pana kama shuka la watu wawili.

"Hizi za zambarau ni seli za uvimbe," alisema. "Ni kirusi kilichokaa kooni tangu ujana wake. Rika lenu walichanjwa wasichana, wavulana wakaachwa. Na hizi za manjano ndizo seli za kinga. Walinzi wake mwenyewe."

Nilizihesabu mpaka thelathini nikaacha. "Mbona wengi hivi? Kama walinzi wameshaingia ndani, mbona mwizi bado yumo?"

"Swali zuri, mama. Kila mlinzi ana kipokezi usoni pake. Ni kitu chenye mikono miwili, na kwa mikono hiyo hupapasa seli nyingine kujua ni ya nyumbani au ni adui. Lakini kila mlinzi amezaliwa na kipokezi cha namna moja tu, kinachomtambua adui mmoja. Wengi wa hawa hawakuja kwa ajili ya uvimbe huu. Ni wapita njia, waliwahi kupigana na mafua ya zamani. Wachache wanaomtambua adui huyu wamepigana mpaka wamechoka, na uvimbe nao unawaimbia wasinzie."

"Vipapasio," nikasema.

"Nini, mama?"

Nikamweleza nyuki. Alisikiliza mpaka mwisho, akawasha taa, akasema, "Nimesoma miaka minane. Kesho wanafunzi wangu nitawafundisha hivyo hivyo."

Halafu akatueleza dawa. Ikiwa yuko mtu aliyeugua uvimbe uleule mwili wake ukaushinda, basi shingoni mwake, ndani ya tezi, wamelala walinzi wenye kipokezi sahihi. Wakitolewa, wakalishwa na kuongezwa mpaka wawe mamilioni, wanaweza kutiwa kwa mgonjwa. Ila kuna sharti. Kila mwili una sinia lake, alisema, sinia dogo ambalo seli huweka juu yake vipande vya vilivyomo ndani ili mlinzi akague. Mlinzi aliyezoea sinia la kwao hawezi kukagua lililo tofauti. Atapita kama kipofu.

"Nimetafuta mkoa mzima," alisema. "Yuko mtu mmoja. Sinia lenu ni moja. Jina siruhusiwi kulitaja."

Jina! Ng'ambo nzima ilimjua mtu aliyepona koo mpaka madaktari wa mbali wakaja kumpiga picha. Pazi Shomari, Mzaramo, fundi wa mapazia ya treni, aliyekuja Tabora na reli akaoa hapa, akazika mke hapa, akabaki. Miaka thelathini amekunywa kahawa barazani kwetu na kumtukana mume wangu kila siku iliyo ya Mungu, naye akitukanwa vilevile, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara.

Kwa ile sauti yake iliyobaki, kama msumeno kwenye kuni mbichi, babu yako akauliza, "Daktari. Mimi na Mzaramo, sinia moja?"

"Sijamtaja mtu, mzee wangu."

"Hujamtaja. Basi niache nife na heshima yangu."

Tulicheka sote watatu. Tulicheka mpaka akakohoa, na leso ilipotoka mdomoni ilikuwa na wekundu. Daktari akaacha kucheka. Akatuambia, bila kuzungusha, kwamba mvua za kwanza zitakapoanza, uvimbe utakuwa umeziba njia ya pumzi. Ilikuwa mwezi wa nane.

*

Sasa lazima nikueleze sheria, maana ninyi mnaikuta imeandikwa tu hamjui imetoka wapi.

Mwanzoni, dawa ya walinzi ilipotoka, hapakuwa na mipaka. Mtu akijulikana ana kipokezi kizuri, alifuatwa. Alifuatwa shambani, alifuatwa msibani, alililiwa mlangoni. Na kutoa hakukuwa kama kutoa damu. Wale walinzi waliolala shingoni ni wachache, hawaoti tena kirahisi, na wapo watu ambao baada ya kutoa uvimbe wao wa zamani uliwarudia. Si wengi. Wanne katika mia, alisema Daktari Mkami. Lakini binamu yangu Nyanzala, mpishi wa shule, alikuwa mmoja wa hao wanne. Mkubwa wake wa kazi alimwomba mara tisa. Mara ya kumi alikuwa amechoka kukataa. Mimi ndiye niliyemwosha.

Ndipo ikaja Sheria ya Kuulizwa Mara Moja. Mtoaji huitwa peke yake kwenye chumba, na kisanduku kiitwacho Shahidi ndicho humwuliza, si mtu mwenye machozi. Akikataa, amekataa. Hakuna wa kumrudia: si daktari, si mgonjwa, si shangazi wa mgonjwa. Mlango mmoja tu huachwa: ndani ya siku saba, mtoaji mwenyewe, kwa miguu yake na kwa moyo wake, anaweza kurudi na kujibu upya. Ikijulikana ametumwa, jibu linafutwa kabisa.

Sheria ile niliifurahia. Nilipoisikia redioni nilikuwa napepeta mchele, nikaweka ungo chini nikamlilia Nyanzala upya.

*

Pazi aliitwa siku ya Jumanne. Saa kumi alasiri akatokea barazani, mfupi, kofia yake ya kushonwa kwa mkono kichwani, na ile futi ya kupimia nguo shingoni, ambayo hakuivua hata akienda kuswali, kwa sababu ilifunika kovu. Mimi nilikuwa dirishani nauza asali. Babu yako alikuwa kwenye kiti chake cha kamba.

"Sogea, mpagazi," Pazi alimwambia. "Leo unakaa na mtu mkubwa. Nimeitwa na serikali."

"Wamekukamata?" babu yako akauliza.

"Wamenisalimia! Nimeingizwa kwenye chumba kama kabati la nguo. Kisanduku kikaniamkia kwa Kiswahili safi kuliko cha Wanyamwezi wote mliokaa hapa. Kikasema, mzee wetu, kuna mtu anaumwa, jina halitajwi, na dawa yake imelala shingoni mwako."

"Ukasemaje?" wakadakia wanywa kahawa.

"Nikakiambia, mtu huyo namjua, ni Mnyamwezi mmoja mla michembe, viazi vya kukaushwa. Mwacheni afe. Nimemngojea miaka thelathini nirithi mizinga yake. Nitamwosha mwenyewe, nitamvalisha shati lake la kijani, na kabla hamjafukia nitashuka kaburini nimvue nilivae mimi."

Baraza lilipasuka. Muuza kahawa aliweka birika chini, akashika mbavu. Babu yako alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, machozi yanamtoka, kisha akasema, "Halikutoshi. Una tumbo la kula nazi."

Nikachungulia dirishani nami nikicheka. "Halafu, Mzaramo, ukakubali?"

Pazi alikunywa kikombe chake mpaka tone la mwisho. "Kahawa hii imeungua," alimwambia muuza kahawa. "Siku hizi mnachoma au mnazika?"

Watu wakacheka tena. Nikacheka na mimi, nikarudi kwenye asali yangu.

Asubuhi ikaja karatasi. *Mtoaji ameulizwa na amejibu. Jibu ni hapana. Faili limefungwa.*

Nilikwenda Nyumba ya Kinga na kanga moja, nimesahau ya pili. "Daktari," nilisema kabla sijaketi, "kile kisanduku chenu hakina akili. Ule ulikuwa utani! Mtani husema hivyo. Asiposema hivyo ndipo ujue amekukasirikia."

Daktari Mkami alifunga mlango. "Mama Kalunde. Hata kwetu kuna utani. Yaliyosemwa chumbani siwezi kukuambia. Nitakuambia kinachojulikana na wote: Shahidi huuliza mara tatu. Hafungi faili kwa maneno ya mzaha. Mara ya tatu husubiri mpaka mtu aache kucheka."

Nikaelewa. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka mguu ukafa ganzi.

"Zimebaki siku sita na nusu," alisema. "Na wewe, mama yangu, tafadhali, usiende kwake."

*

Pazi hakuja barazani siku ile. Wala iliyofuata. Kiti chake kilikaa wazi na hakuna aliyekikalia, na mazungumzo yakawa ya mvua na treni. Wanywa kahawa walinitazama kwa pembe ya jicho. Mmoja, mzee wa heshima zake, alinijia dirishani akanong'ona, "Si uende tu ukaketi mlangoni pake?"

Hilo ndilo neno nililokuwa nalikimbia tangu ile karatasi ifike. Kwa watani wa mtaa wetu ilikuwepo desturi, nyinyi hamkuikuta. Mtani akikujia na shida ya kweli, asikae kwenye kiti, akakaa chini kizingitini pako akanyoosha miguu, basi utani umekwisha na ombi limeanza. Na ombi la namna hiyo halikataliwi. Mtu alitoa mbuzi wa mwisho. Mtu alitoa mlango wa nyumba ukatengenezwe jeneza. Wala huhitaji kusema neno, ukishakaa, umeshapewa. Kisheria nisingekuwa nimeomba chochote. Ningekaa tu chini, mwanamke mzima aliyechoka na jua. Nani angenishitaki?

Siku ya tano babu yako alishindwa kumeza uji. Ulitoka puani. Nilimfuta, naye akanishika mkono, akasema jambo lililomchukua muda mrefu kulimaliza. "Usimkalie Pazi mlangoni."

"Mimi nimesema nakwenda?"

"Nakujua."

"Unataka kufa?"

"Sitaki." Akapumzika. "Nyanzala naye hakutaka."

Nilitoka nikaenda uani, nikachemsha nta ambayo haikuhitaji kuchemshwa. Kisha nikajitanda kanga zote mbili, nikaenda kwa Pazi.

*

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya karakana ya treni. Miaka yote tuliingia kwake bila kubisha, tukafunua sufuria, tukala kilichomo, tukamsema hajui kupika. Siku ile nilisimama nje nikaita, "Hodi." Kimya. "Hodi hapa." Nikasikia cherehani imesimama. "Hodi, Mzee Pazi."

Alikuja akiwa amevaa miwani ya kazi, vipande vya uzi wa bluu kwenye ndevu. Aliponiona, hakutazama uso wangu. Alitazama miguu yangu, kisha kizingiti, kisha miguu yangu tena. Alikuwa anangoja niketi chini. Mikono yake ilishika ile futi ya shingoni, huku na huku, kama mtu anayeshika kamba ya kisima.

Mjukuu wangu, magoti yangu yalikuwa tayari. Nakuambia kweli. Yalishaanza kujikunja.

"Nipe kiti," nikasema.

Hakunielewa. "Nini?"

"Kiti, baba. Mimi mtu mzima, siwezi kukaa chini."

Akaingia ndani akakigonga kiti kwenye mlango mara mbili kabla hakijatoka. Nikaketi. Yeye akabaki amesimama, kisha akakaa juu ya robota la kitambaa cha mapazia. Tukatazama kuku wake.

"Kuku wako wamekonda," nikasema.

"Wanakula chakula cha Kinyamwezi," akasema. Lakini sauti haikuwa na nguvu, na mimi sikujibu, na utani ukafa pale pale katikati yetu.

Nikamwambia, "Sikuja kuomba. Nimekuja kukuambia jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuambia. Una haki ya kukataa. Ukikataa, barazani kiti chako kipo, na mimi kesho nitakutukana kama kawaida. Hilo tu."

"Utanitukana kweli?"

"Kama kawaida."

Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Nikiwa nimeshasema lililonileta, ningeweza kuondoka. Lakini nilikitazama kile kitambaa cha futi, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi kovu lilivyokuwa refu, kutoka nyuma ya sikio mpaka kwenye koo, limekunjamana kama mshono wa mtu anayejifunza. Miaka kumi nimeliona likichungulia chini ya futi. Miaka kumi tumelifanyia mzaha, eti ng'ombe wa pwani aliyechinjwa akakataa kufa.

"Iliuma?" nikauliza.

Mzee yule alinitazama kama nimemwita kwa jina la utotoni.

"Kuuma?" alisema. "Kalunde, watu wanadhani uvimbe ndio uliouma. Uvimbe haukuuma sana. Walinzi walipoamka ndipo palipokuwa na moto. Wiki tatu. Shingo nzima ilivimba, nikawa natema vipande. Kila nikimeza ilikuwa kama kumeza kaa lenye ncha. Mke wangu, marehemu Tatu, alikuwa ananishika kichwa. Mlikuja wote hospitali, mkaleta vichekesho, mimi nikacheka. Mlipotoka nililia. Ni walinzi hao hao wanaotakiwa. Wakienda, uvimbe ukirudi, nitakuwa na nani? Tatu hayupo."

"Ukakiambia hivyo kisanduku?"

"Nitakiambiaje? Mimi kinywa changu kinajua njia moja tu, ya mzaha. Kikaniuliza tena nikakosa mzaha. Kikasema, ndiyo au hapana. Nikasema lililokuwa karibu."

Tulikaa mpaka kivuli cha karakana kikafika miguuni petu, kisha nikarudisha kiti ndani mwenyewe, nikaaga, nikaenda zangu. Mpaka leo hujiuliza kama kule kutokuomba kwangu hakukuwa namna nyingine ya kuomba, tena yenye ujanja zaidi. Babu yako nilipomsimulia alifikiri sana. Akasema, "Ulimuuliza kama iliuma. Mimi ndiye mtani wake na sikuwahi." Akageukia ukutani.

*

Siku ya saba ilikuwa siku ya babu yako kukaguliwa koo. Tulikaa kwenye benchi refu la Nyumba ya Kinga, mimi nimeshika bakuli la kutemea, yeye ameegemea bega langu. Alikuwa amekuwa mwepesi. Pumzi yake ilipiga filimbi mbaya, si mluzi wake.

Saa nne Pazi aliingia. Hakuwa na futi shingoni. Kovu lilikuwa wazi mchana kweupe, kama njia iliyofyekwa. Alitupita pasipo salamu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Mkami.

"Nimekuja kujibu upya."

"Kuna aliyekutuma, mzee?"

"Hakuna. Aliyenijia aliniambia nikatae."

Daktari alinitazama. Nami nikatazama bakuli.

"Ingia, mzee. Nikufungie mlango?"

"Mlango uache wazi. Si ni haki yangu?"

"Ni haki yako."

Chumba kile kilikuwa hatua sita kutoka benchi letu. Niliona mgongo wake na kofia yake, na kile kisanduku cheusi kidogo kama redio ya mkononi, juu ya meza. Kikamsalimia, kweli kwa Kiswahili kizuri. Kikamweleza hatari, wanne katika mia, polepole, kama kinavyomweleza kila mtu. Kisha kikauliza.

"Mzee Pazi Shomari, unakubali kutoa? Jibu ndiyo au hapana."

"Ngoja kwanza."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Nimesema ngoja, bwana! Umelelewa wapi wewe, unamkata mtu mzima kauli?"

Kisanduku kikanyamaza. Babu yako aliinua kichwa kutoka begani kwangu.

"Wiki iliyopita ulinipa maneno mawili," Pazi alisema. "Hayanitoshi. Sasa andika, na uandike yote. Mimi naogopa. Sitaki ule moto tena, na sitaki kufa, nisemwe vyovyote. Hilo la kwanza." Akashika ukingo wa meza. "La pili. Yule Mnyamwezi niliyesema afe, ni mtu wangu. Nilipofika mji huu simjui mtu, yeye ndiye wa kwanza kunitukana. Sikuwahi kumwambia, maana sisi hatuambiani. Basi ukiniuliza ninachotaka, ninachotaka ni hiki: nataka tusife, yeye wala mimi. Nataka tuzeeke pale barazani mpaka meno yaishe. Na siku ile nikiwa nimelala humu mnanitoa hao walinzi, nataka aje akae karibu yangu, asinichekeshe."

"Jibu ndiyo au hapana," kisanduku kikasema, lakini taratibu sasa, au mimi ndiye niliyesikia hivyo.

Pembeni yangu babu yako alikuwa ameshasimama. Sijui aliinukaje. Alikwenda zile hatua sita akishika ukuta, akafika mlangoni, na kwa kile kipande cha sauti alichobakiwa nacho akasema, "Nitakaa, Pazi. Sitakuchekesha."

Pazi hakugeuka. Alijifuta uso kwa kiganja, akakisogelea kisanduku kama anayemnong'oneza mtoto.

"Ndiyo," alisema. "Andika ndiyo. Lakini na yale mengine usiyafute."